Imani kwenye Crusader Kings III ni nini, na kwanini ndo inaamua mambo ya ndoa, watoto na urithi

Watu wengi wakianza Crusader Kings III wanaifungua kama gemu ya vita, wanatafuta jeshi liko wapi, nani jirani dhaifu, wanampiga, wanachukua ardhi, alafu mfalme wao anafariki na nusu ya nchi inaondoka siku hiyohiyo bila hata mshale mmoja kurushwa. Hapo ndo wanauliza kimetokea nini. Kilichotokea ni kwamba kuna ukurasa mmoja hawajausoma, ukurasa wa imani, na kwenye hii gemu imani sio alama tu ya msalaba au mwezi pembeni ya jina lako. Ni kitabu cha sheria za nyumbani. Nani anaruhusiwa kuolewa na nani, wake wangapi, talaka inatolewa na nani, mtoto wa nje ya ndoa anahesabika au hahesabiki, binti anaweza kukaa kwenye kiti au hawezi, yote yanatoka huko.

Tuanze na mpangilio wenyewe. Gemu imetengenezwa na Paradox Development Studio ya Stockholm, ilitoka tarehe 1 Septemba 2020, unaanza mwaka 867 au 1066 (baadae wameongeza 1178) na inaisha 1453. Huichezi nchi, unamcheza mtu, na akifa unaendelea na mrithi wake wa ukoo wako, ukoo ukikosa mrithi basi mchezo umeisha. Sasa dini ndani yake imepangwa kwa ngazi. Juu kuna dini yenyewe, tuseme Ukristo au Uislamu, chini yake kuna imani mbalimbali, Ukristo una Wakatoliki, Waorthodoksi, Wakopti, Wakathari na wengine, Uislamu una za Kisunni kadhaa, za Kishia kadhaa, na Ibadhi nayo ipo. Hii ya Ibadhi naitaja maana kwa wasomaji wa pwani na wa Oman sio kitu kigeni, ukianza 867 Oman ipo kwenye ramani, na kwenye historia ya kweli wakati huo Oman ilikuwa chini ya Imamu al-Salt ibn Malik. Pwani yetu yenyewe haipo, ramani upande wa huku inaishia Pembe ya Afrika, kwahiyo usitafute Kilwa.

Kila imani ina nguzo tatu na juu yake ina orodha ndefu ya misimamo. Nguzo ndo zinazoipa imani sura yake, Wakatoliki kwa mfano wana ekaristi, utawa na hija za silaha, hiyo ya mwisho ndo mlango wa vita vya msalaba. Lakini misimamo ndo mimi nasema watu waisome kwanza, kwasababu ndo inayoingia ndani ya nyumba. Kuna msimamo kuhusu jinsia, kama wanaume wako juu, wanawake wako juu au wako sawa. Kuna wa idadi ya wake, kuna wa talaka (ruksa wakati wowote, au mpaka mkuu wa dini akubali, au haipo kabisa), kuna wa watoto wa nje, kuna wa undugu, yaani mwisho wa kuoana ni wapi, binamu ruksa au marufuku, na kuna wa makosa, uzinzi wa mume, uzinzi wa mke, uchawi, kuua ndugu, kila kimoja kinaweza kuwa jinai, au aibu tu, au kitu ambacho hakuna anayejali.

Sasa chukua mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho. Una mfalme Mkatoliki, ana watoto watatu wa kiume, na sheria ya urithi mwanzoni mwa gemu kwa nchi nyingi ni ya kugawana, mkubwa anapata cheo kikuu na makao makuu, wadogo nao wanapata vipande vyao, na kama umejikusanyia ardhi ya kutosha kuunda ufalme mwingine basi gemu inaweza kuuunda huo ufalme wakati wa kifo na kumpa wa pili, anakuwa mfalme kamili, sio mtu wako tena. Umepigana miaka thelathini na kazi imegawanyika mezani. Una njia gani? Kubadili sheria ya urithi unaweza lakini inategemea maendeleo ya utamaduni wenu, inaweza kuchukua vizazi. Kumnyima urithi mtoto unaweza kama wewe ndo mkuu wa ukoo, ila unalipa kwa heshima ya ukoo mzima, na hiyo heshima inapatikana taratibu sana. Kumuua mtoto, wapo wachezaji wanaofanya, lakini ukigundulika unabeba jina la muuaji wa ndugu na imani ndo inasema jina hilo litakugharimu kiasi gani. Alafu kuna njia ya nne, kumuomba mtoto aende utawani. Unalipa kwa pointi za ucha Mungu, mtoto anaweka nadhiri, anatoka kwenye foleni ya urithi na wala hajafa, yuko huko monasteri anasali. Anaweza kukataa pia, tabia yake inaingia kwenye hesabu. Lakini angalia kilichokuwezesha kumuomba, ni ile nguzo ya utawa. Mtawala ambaye imani yake haina utawa hana hiyo njia, watoto wake watatu ni watatu mpaka mwisho.

Hapo utaona kwanini sultani anachezwa tofauti kabisa na mfalme wa Ulaya. Mtawala Muislamu anaruhusiwa mpaka wake wanne, ukoo hauwezi kukatika kirahisi na ndoa nne ni mikataba minne na nyumba nne tofauti, ila watoto wa kiume wanaweza kufika nane au kumi na wote wanatazama ardhi ileile. Kwenye toleo lililotangulia, Crusader Kings II la mwaka 2012, Waislamu walianza kuchezwa Juni mwaka huohuo na waliwekewa kipimo cha kuoza kwa ukoo, wanaume wengi wa ukoo wasio na ardhi walikuwa wanakipandisha na kuushusha chini ukoo wote, kwa maoni yangu kilikuwa kitu kizito sana na kiliwapa wachezaji picha ya ajabu kuhusu familia za Kiislamu. La tatu halina hicho. Badala yake Novemba 2023, pamoja na kifurushi cha nyongeza cha Legacy of Persia, tawala za kiukoo (clan, ndo aina ya utawala ya Waislamu wengi) zilipata kipimo cha umoja wa nyumba, kinapanda kutoka uhasama mpaka maelewano kamili, ndugu wakielewana unapata faida zake, wakichukiana unapata nyingine, na namna ya kugawa urithi nayo inaguswa. Hii ni nzuri zaidi, kwasababu inamfanya mchezaji ashughulike na kaka na wapwa zake kama watu, awape mabinti wa kuoa, awasamehe, awape vyeo, sio kuwaona mzigo.

Upande wa ndoa za Wakatoliki kitu kikubwa ni talaka. Sio yako kutoa. Unamuomba Papa, na Papa anaangalia mko vizuri kiasi gani na una pointi za ucha Mungu za kutosha au hapana. Na hapa gemu haijatunga, ndo ilivyokuwa. Louis VII wa Ufaransa alimuoa Eleanor wa Aquitaine mwaka 1137, wakapata mabinti wawili, mtoto wa kiume hakuna. Machi 1152 ndoa ikabatilishwa kwa hoja kwamba wana undugu wa karibu mno, mabinti wakabaki halali na wakabaki kwa baba, Eleanor akaondoka na Aquitaine yake, na Mei mwaka huohuo akaolewa na Henry, ambaye alikuwa ndugu yake vilevile, mwaka 1154 Henry akawa mfalme wa Uingereza na wakazaa watoto wanane, watano wa kiume. Ukisoma hicho kisa alafu ukarudi kwenye ukurasa wa misimamo unaelewa mara moja kwanini waliweka talaka, undugu na uhalali wa mtoto sehemu moja na imani. Kanisa enzi hizo lilikuwa linahesabu undugu mpaka kizazi cha saba, Mtaguso wa Laterano wa 1215 ndo ukashusha mpaka cha nne, na kwa familia za kifalme ambazo zote zilishaoleana kitambo, hesabu hiyo ilikuwa silaha, ukimchoka mke unakumbuka bibi mmoja mliyechangia.

Undugu una upande mwingine, wa damu. Wahusika wanarithi vitu, akili nyingi, uzuri, nguvu ya mwili, na pia magonjwa na kasoro, kwahiyo wachezaji wengi wanaoza watoto kwa kuangalia damu kuliko ardhi. Imani ikiruhusu ndoa za karibu mno kuna watu wanaoana ndani kwa ndani ili kushikilia sifa nzuri, na watoto wanaanza kuzaliwa na matatizo mazito. Siipendi hii namna ya kucheza na nasema wazi, ila hata kimahesabu haifai, binti aliyeolewa ufalme wa mbali anakuletea mkataba na heshima ya ukoo, na heshima hiyo ndo inanunua urithi wa kudumu wa ukoo, ule unaofunguliwa ngazi kwa ngazi, kuna wa vita, wa sheria, wa damu, wa elimu, wa undugu na mingine, kila mmoja una ngazi tano na vizazi vyote vinavyokuja vinafaidika.

Kuna kitu kingine watu hawakielewi, dhambi na fadhila. Kila imani inachagua tabia tatu au zaidi inazozipenda na zile inazozichukia, na tabia hizo ndo zilezile za wahusika. Kwa Wakristo uroho, uvivu, hasira, majivuno, uchoyo na tamaa ya mwili ni dhambi, kwahiyo mtoto akikua na tabia hizo hata mapadri hawampendi na pointi za ucha Mungu zinamwendea polepole. Tabia sio pambo, ukimlazimisha mtu mwenye huruma atese mfungwa anapata stresi, stresi ikijaa anavunjika, anaanza kunywa pombe, au kujichapa mijeledi, au kujifungia ndani. Ndo maana malezi yana uzito. Kuanzia miaka 6 mpaka 16 mtoto anakuwa na mlezi, na mlezi anaambukiza tabia, hata imani na utamaduni mtoto anaweza kuvichukua kwa mlezi. Ukimpeleka mrithi wako akalelewe kwa bwana mkubwa wa imani nyingine usishangae akirudi ana dini nyingine. Kifurushi cha Wards & Wardens cha Agosti 2023 kiliongeza sana hapa, kuna mwalimu wa ikulu, kuna mnyonyeshaji, na kuna mateka, yaani unamtoa mtoto wako akae kwa jirani kama dhamana ya amani, ukivunja amani mtoto yuko mikononi mwake.

Sasa vipi kama misimamo ya imani yako haikufai kabisa, una mabinti tu na imani inataka wanaume? Kuna kuunda imani mpya. Unalipa pointi nyingi za ucha Mungu, kadri unavyobadilisha vingi ndo bei inapanda, na unatakiwa uwe umeshika sehemu takatifu, imani nyingi zina zake tano, za Wakatoliki ni Jerusalem, Roma, Canterbury, Cologne na Santiago. Unachagua nguzo tatu, unabadili msimamo wa jinsia, wa talaka, chochote. Kwenye skrini ni kubofya tu lakini matokeo yake ni makubwa, maana watu wengi wa nchi yako wanabaki walipokuwa, mabwana wa chini yako wanakuona mzushi, majirani wamepata sababu ya vita takatifu, na hata nyumbani inabidi umuombe mke abadili, umuombe kaka abadili, mmoja mmoja, na wapo watakaokataa.

Wakati mzuri wa kufanya hivyo ni pale ari ya imani ya zamani imeshuka. Ari ni asilimia kutoka 0 mpaka 100, inaonyesha waumini wana moto kiasi gani. Kashfa za makasisi zinaishusha, mashambulizi kutoka nje yanaipandisha. Ikishuka sana uzushi unachipuka wenyewe, Ulaya ya Kikatoliki ghafla unaona majimbo ya Wakathari na Wawaldo, sawasawa na kusini mwa Ufaransa kabla ya ile vita ya msalaba ya 1209 hadi 1229 iliyopigwa dhidi ya Wakathari hukohuko ndani ya Ulaya.

Kama unaanza leo, kabla hujagusa jeshi bofya alama ya imani ya mtu wako, soma misimamo ya ndoa yote, alafu fungua mti wa familia uhesabu wana wa kiume wangapi, mabinti wangapi, nani ana miaka mingapi, nani hajachumbiwa. Kama imani ina utawa anza kukusanya ucha Mungu mapema, hija inasaidia sana, na tangu Tours & Tournaments ya Mei 2023 hija ni safari ya kweli kwenye ramani, unapita njia, kuna hatari, mtu anaweza kufia njiani. Kwahiyo usiende hija na mrithi wako pekee.