Kirusi chenye utando wa mafuta ndo kigumu kuua? Hapana jamani, ni kinyume

Hii nimeisikia mara nyingi sana hata kwa watu waliofuga mbwa miaka na miaka, eti kirusi chenye utando wa nje ndo sugu kwa sababu kimejifunika mara mbili. Ukiisikia unaona ina mantiki, lakini sivyo. Kila kirusi ndani kina vinasaba, iwe DNA au RNA, na juu yake ganda la protini. Vingine vikiwa vinatoka kwenye seli ya mnyama vinaondoka na kipande cha mafuta ya seli hiyohiyo vinajifunika, na kwenye ule utando ndo zinakaa protini za kujishikiza kwenye seli inayofuata. Sasa mafuta yakikutana na sabuni unajua kinachotokea, utando ukichanika kirusi hakina tena cha kushikia, kimekwisha. Ndo maana ukiumwa na mbwa mwenye kichaa unaambiwa osha kidonda hapohapo kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 halafu ukimbilie chanjo, kirusi cha kichaa kina huo utando.

Parvo ya mbwa, kirusi kile cha kuhara damu, haina. Ni ganda tupu la protini, kama nanomita 25 hivi, yaani ukipanga virusi 40,000 kwenye mstari ndo unapata milimita moja, na sabuni haina cha kuyeyusha pale, spiriti nayo vilevile. Mtu mtoto wa mbwa wake anakufa kwa kuhara damu, anasugua banda kwa sabuni mpaka linanukia, miezi miwili baadaye analeta mwingine mdogo hajamaliza chanjo, naye anaanza kutapika. Inaniuma kila nikiiona, maana mwenye mbwa alisafisha kweli, ila kirusi kinakaa hata mwaka kwenye udongo. Kinachokiua ni klorini, lakini toa kwanza kinyesi na uchafu wote maana uchafu unaimaliza nguvu, kisha sakafu ibaki imelowa angalau dakika 10.

Ila msiishike hii kama sheria isiyovunjika, homa ya nguruwe ya Afrika ina utando na bado inadumu muda mrefu kwenye damu na nyama.

Kuna na ile ya "nilimpiga antibayotiki akapona, kwa hiyo inaua virusi". Haiui. Antibayotiki inalenga vitu vya bakteria, kama ukuta wake au mitambo yake ya kutengeneza protini, na kirusi hakina hata kimoja, kinatumia mitambo ya seli ya mnyama. Daktari anaitoa kwenye parvo kwa sababu utumbo umechubuka na chembe nyeupe zimeshuka, bakteria wanapenya kwenye damu.

Na mfugaji anayesema chanjo ya ugonjwa wa miguu na midomo ni feki kwa vile ng'ombe wake waliugua, mara nyingine chanjo ilikuwa nzima kabisa. Kirusi hicho kina aina 7, na ng'ombe aliyekingwa dhidi ya aina O hana kinga ya aina nyingine kama SAT 2, protini za juu ya ganda zinatofautiana na kinga ya mwili haizitambui. Kabla hajachomwa sindano muulize daktari chanjo hiyo ina aina zipi, na zipi ndizo zinazozunguka eneo lenu.