Je, Wajua Kitasa cha Chumba cha Hoteli Humtambuaje Mgeni Mpya?

Mgeni anayefika hotelini kwa mapumziko ya siku mbili tatu mjini hukabidhiwa kadi ya plastiki mapokezini, hupanda lifti hadi ghorofa aliyopangiwa, huisogeza kadi mbele ya kitasa, na mara taa ya kijani huwaka na mlango kufunguka. Asubuhi ya siku hiyo hiyo, mlango huo ulikuwa ukifunguliwa kwa kadi ya mtu mwingine, ambaye huenda ameondoka nayo mfukoni. Akirudi usiku na kujaribu kuingia, kitasa kitamkataa. Wengi wetu hudhani kwamba mhudumu wa mapokezi alipobonyeza kompyuta yake, taarifa ilisafiri kwa waya hadi mlangoni na kukieleza kitasa kwamba mgeni amebadilika. Ukweli ni kwamba katika hoteli nyingi za daraja la kati hakuna waya wa namna hiyo, na kitasa hakina mawasiliano yoyote na mapokezi. Basi kimejuaje?

Jibu ni kwamba habari imeletwa na mgeni mwenyewe. Kadi aliyopewa ni kama barua iliyofungwa ambayo mapokezi wameiandikia mlango, naye mgeni ndiye tarishi anayeifikisha bila kujua kilichoandikwa ndani yake. Mlango huisoma barua hiyo, huilinganisha na kumbukumbu zake, kisha huamua wenyewe kama utafunguka au la.

Ili kuelewa uamuzi huo unavyofanyika, inafaa kwanza kukitazama kitasa chenyewe. Ndani ya kile kibati kilichobeba mkono wa mlango kuna kisomaji cha kadi, saa inayohesabu tarehe na muda, kumbukumbu ndogo ya kielektroniki, mota ndogo sana, na betri, ambazo mara nyingi ni nne za kawaida zinazouzwa madukani. Mtu anaweza kushangaa betri hizo zinawezaje kufungua mlango mzito kwa mwaka mmoja, miwili au zaidi bila kubadilishwa. Siri ni kwamba hazifungui mlango. Kazi ya mota ni kuunganisha mkono wa mlango na ulimi wa kitasa kwa sekunde chache tu, na nguvu ya kuurudisha ulimi huo nyuma hutoka kwenye mkono wa mgeni. Ule mlio mfupi unaosikika kabla taa haijawaka kijani ndio sauti ya muungano huo.

Sasa tuje kwenye kadi. Mhudumu anapoiweka juu ya mashine ndogo iliyo kando ya kompyuta ya mapokezi, mashine hiyo huiandikia utambulisho wa chumba, tarehe na saa ya kuanza kutumika, tarehe na saa ya kukoma, ruhusa za ziada kama vile lifti, ukumbi wa mazoezi au lango la maegesho, pamoja na nambari inayoonyesha kadi hiyo ni ya ngapi katika mfululizo wa kadi za chumba hicho. Taarifa hizo hufichwa kwa ufunguo wa kihesabu ambao hutumika katika hoteli hiyo peke yake, ili kadi ya hoteli nyingine isieleweke mlangoni. Jina la mgeni na namba ya kadi yake ya benki kwa kawaida havimo, kwa sababu mlango hauna haja navyo. Mwaka 2003 ulienea uvumi nchini Marekani, ukihusishwa na polisi wa mji wa Pasadena katika jimbo la California, kwamba kadi za hoteli hubeba taarifa za benki za wageni, na ingawa ulikanushwa baadaye, bado wapo wanaozikatakata kadi hizo kwa makasi kabla ya kuondoka.

Ile nambari ya mfululizo ndiyo kiini cha jambo zima. Tuseme kitasa cha chumba fulani kimehifadhi nambari 57, ambayo ni ya mgeni aliyemo. Kadi yoyote yenye 57 ambayo muda wake haujakwisha itakubaliwa. Mgeni mpya anapofika, mapokezi huandika kadi yenye 58, na wakati huo kitasa hakijui lolote, kwa kuwa hakuna aliyekiambia. Ni pale tu mgeni mpya anapoisogeza kadi yake kwa mara ya kwanza ndipo kitasa huona nambari inayofuata ile iliyomo katika kumbukumbu, hukagua kwamba tarehe inaafiki na kwamba kadi imeandikwa kwa ufunguo wa hoteli hiyo, hufuta 57 na kuweka 58. Kuanzia sekunde hiyo kadi zote za 57 hugeuka plastiki tupu mbele ya mlango huo. Watengenezaji wengine hutumia saa ya kutolewa kwa kadi badala ya nambari zinazofuatana, lakini kanuni haibadiliki: kadi iliyotolewa baadaye huiondoa iliyotangulia, nayo huiondoa ikiwa mlangoni.

Mfumo huu umetayarishwa pia kwa mambo yasiyokwenda sawa. Ikiwa mgeni aliandikiwa 58, kisha akaomba kuhamishiwa chumba kingine kabla hajaufungua mlango, anayemfuata atapewa 59, na kitasa kilichobaki kwenye 57 kitalazimika kuruka hatua moja. Vitasa vya mfumo wa namna hii huruhusiwa kuruka hatua chache, lakini zikizidi mno kitasa huishia kukataa kila kadi mpya, na hapo ndipo fundi hupanda na kifaa cha mkononi ili kukiwekea upya kumbukumbu na saa yake. Mgeni aliyesimama na mizigo yake kwenye korido huku kadi mpya kabisa ikimulikiwa taa nyekundu anaweza kuwa amekumbwa na jambo hilo hilo, na kurudia kuisogeza kadi mara kumi hakutamsaidia.

Mtu akishalifahamu hili, mambo mengi yanayowasumbua wageni huelezeka. La kwanza ni la wanandoa au marafiki wanaolala chumba kimoja. Mmoja akirudi mapokezini kuomba kadi ya pili, mhudumu anapaswa kuandika nakala, yaani kadi yenye nambari ile ile ya mfululizo. Akikosea na kuiandika kama kadi ya mgeni mpya, kadi hiyo itafungua mlango vizuri, lakini papo hapo itaiua kadi ya mwenzake, ambaye atarudi jioni na kukuta hawezi kuingia chumbani mwake. Kwa maoni yangu, kosa hili linaeleza malalamiko mengi ya kadi kuharibika kuliko watu wanavyodhani, kwani kadi haikuharibika hata kidogo.

La pili lina uzito zaidi, nalo linahusu kadi iliyopotea. Mgeni anayetoa taarifa ya kupoteza kadi hupewa mpya, na mara nyingi huenda zake mjini akiamini kwamba ile iliyopotea imezimwa. Katika hoteli yenye vitasa vinavyojitegemea, haijazimwa bado. Itazimwa pale kadi mpya itakapogusishwa kwenye kitasa, na hadi wakati huo aliyeiokota anaweza kuufungua mlango iwapo anakijua chumba. Hii ndiyo sababu namba ya chumba haichapishwi kwenye kadi, bali huandikwa kwenye bahasha ndogo ya karatasi, na ndiyo sababu ni busara kuiacha bahasha hiyo chumbani na kubeba kadi peke yake. Anayepewa kadi mpya baada ya kupoteza ya awali apande kwanza akafungue mlango, ndipo aendelee na matembezi yake.

La tatu ni saa ya kuondoka. Mgeni aliyeongezewa muda kwa simu tu, bila kadi yake kuandikwa upya, atakuta imegoma saa ile ile iliyopangwa mwanzo, kwa kuwa makubaliano yake na mapokezi hayajaufikia mlango.

Tukio moja lililoripotiwa Januari 2017 lilidhihirisha jinsi mlango na mapokezi vilivyo mbalimbali. Wadukuzi waliufunga mfumo wa kompyuta wa hoteli moja katika milima ya Austria na kudai kikomboleo kwa sarafu ya bitcoin, nao wenye hoteli wakalipa. Habari zilienea duniani kwamba wageni walikuwa wamefungiwa vyumbani mwao, lakini mwenye hoteli alifafanua kwamba jambo hilo halikutokea. Kilichoshindikana kilikuwa kuandika kadi mpya kwa wageni waliokuwa wakiwasili. Waliokwisha kupewa kadi waliingia na kutoka kama kawaida, maana vitasa havikuihitaji kompyuta iliyotekwa. Isitoshe, mkono wa ndani wa mlango wa hoteli huurudisha ulimi wa kitasa moja kwa moja bila kadi wala betri, ili hata moto ukizuka au umeme ukikatika mtu aweze kutoka.

Kabla ya haya yote kulikuwa na ufunguo wa chuma uliofungwa kwenye kibao kizito. Katika moteli za Marekani, kibao hicho kiliandikwa anwani pamoja na ombi kwamba atakayeondoka nacho kwa bahati mbaya akitumbukize katika sanduku lolote la posta, na gharama italipwa na moteli. Lilikuwa jambo la ukarimu, lakini lilimpa kila aliyeuokota ufunguo huo jina la moteli na namba ya chumba kwa pamoja, na kumzuia kulidai kubadili kitasa kizima. Mhandisi wa Norway, Tor Sørnes, ndiye aliyeleta suluhisho katika miaka ya 1970 kwa kubuni kitasa kilichoweza kupangiwa ufunguo mpya kwa kila mgeni. Kadi yake ilikuwa ya plastiki ngumu yenye nafasi 32 za matundu, na kwa kuwa kila nafasi huweza kutobolewa au kuachwa, michanganyiko iliyowezekana ilikuwa zaidi ya bilioni 4.2, idadi iliyokaribiana na ya watu wote duniani wakati huo. Wazo la kubadilisha ufunguo bila kubadilisha kitasa limebaki vile vile, ingawa matundu yaliupisha utepe wa sumaku, na utepe huo nao umeipisha chipu.

Kuhusu sumaku kuna onyo ambalo wengi wamelisikia, kwamba kadi ya hoteli isiwekwe pamoja na simu. Onyo hilo lina ukweli kwa kadi zenye utepe mweusi mgongoni. Utepe wa kadi ya benki hutengenezwa uwe mgumu kufutika kwa sababu huandikwa mara moja na kutumika kwa miaka, ilhali wa kadi ya hoteli hutakiwa kuandikwa upya kila siku chache na hivyo huwa laini kiasi cha kufutwa na sumaku ndogo ya kifuniko cha simu au kishikizo cha mkoba. Kadi zisizo na utepe, zinazosogezwa tu bila kuchomekwa, ni kitu kingine kabisa. Ndani yake mna chipu na waya mwembamba uliozungushwa kama antena, na nguvu ya kuiendesha chipu hiyo hutolewa na mawimbi ya redio ya kitasa chenyewe, kwa masafa ya megahezi 13.56, kadi ikiwa umbali wa sentimita chache. Sumaku ya simu haiwezi kuyafuta maandishi ya chipu ya namna hiyo.

Kujitegemea kwa vitasa kuna gharama yake, nayo huonekana kasoro inapogunduliwa. Machi 2024 watafiti wa usalama walitangaza kwamba vitasa vya aina ya Saflok, zaidi ya milioni 3 katika nchi 131, vingeweza kufunguliwa kwa kadi mbili za kughushi. Walikuwa wamemweleza mtengenezaji tangu Septemba 2022, na hadi siku ya kutangaza ni asilimia 36 tu ya vitasa hivyo vilivyokuwa vimerekebishwa au kubadilishwa. Haiwezekani kuvitumia marekebisho vitasa visivyounganishwa na mtandao. Ni lazima mtu apite mlango hadi mlango, ghorofa hadi ghorofa, na kadi za wageni na mashine za mapokezi nazo zibadilishwe. Kwa mgeni, komeo la ndani katika vitasa vingi huzikataa kadi za wageni na za wahudumu wa usafi, likiiachia kadi maalumu ya dharura peke yake, lakini dhidi ya kasoro hiyo ya Saflok halikuwa kinga, kwa kuwa kadi za kughushi ziliweza kulifungua nalo.

Hoteli mpya zimeanza kufunga vitasa vinavyowasiliana kwa redio na kituo kilichoko kwenye korido, hivyo mapokezi huweza kuizima kadi iliyopotea bila mtu kupanda ghorofani. Nyingine humruhusu mgeni kutumia simu yake, ambayo hupokea ruhusa kupitia intaneti kisha huifikisha kitasani kwa mawimbi ya bluetooth, yaani simu imeshika nafasi ya kadi katika kazi ile ile ya kubeba ujumbe. Hata hivyo, kitasa bado huachiwa saa yake, kumbukumbu yake na uwezo wa kuamua, ili mtandao ukikatika usiku wa manane mgeni anayerudi kutoka mjini aweze kuingia chumbani.