Meli za kazi baharini na vibali vya hewa ukaa: nani atalipa kuanzia 2027

Tarehe 1 Januari 2027, meli zinazohudumia mashamba ya upepo na majukwaa ya mafuta na gesi baharini, zenye GT (kipimo cha ukubwa wa meli) 5,000 na kuendelea, zinaingia katika mfumo wa vibali vya hewa ukaa wa Umoja wa Ulaya, ambamo kila tani ya hewa chafu hulipiwa kwa kibali kimoja. Meli za mizigo na abiria zilitangulia 2024 na zikaingizwa polepole: vibali vya asilimia 40 ya hewa chafu ya 2024, 70 ya 2025, kisha 100 kuanzia 2026. Meli za kazi hazikupewa nafuu hiyo. Zinaanza na 100 moja kwa moja, methani na naitrasi oksaidi zikiwemo.

Tuchukue meli inayochoma tani 15 za dizeli kwa siku. Kila tani ya dizeli ya meli huhesabiwa kutoa tani 3.206 za kaboni dioksaidi, kwa hiyo siku 30 ni takriban tani 1,443. Kibali kikiwa euro 70 (bei hupanda na kushuka, hii ni ya mfano tu), mwezi mmoja unagharimu karibu euro 101,000. Si fedha ya kuachia maelewano ya mdomo.

Sheria inamdai mmiliki aliyesajiliwa, isipokuwa kampuni yenye dhamana ya ISM (kanuni za kimataifa za uendeshaji salama wa meli) iwe imekubali kwa maandishi kubeba mzigo huo na hati imewasilishwa kwa mamlaka inayosimamia. Hati ikikosekana, deni ni la mmiliki, hata kama ni benki iliyokodisha meli tupu, bila mabaharia, na haijui meli iko bahari gani.

Mmiliki ana haki ya kurudishiwa gharama na yule ambaye, kwa mkataba, ananunua mafuta au anaamua mzigo, njia na mwendo wa meli. Katika mkataba wa aina ya SUPPLYTIME, yaani mkataba sanifu wa kukodi meli za kazi kwa muda, jambo ni jepesi, kwa sababu mkodi ndiye anayelipia mafuta. Kazi ipo kwenye mikataba ya ujenzi ya bei moja ya jumla. Hapo mkandarasi hutumia meli yake na hununua mafuta mwenyewe, na meli hukaa wiki nzima ikishikiliwa na injini zake isisogee kutoka mahali pake pa kazi. Njia ipi, mwendo upi? Mteja ndiye aliyechagua eneo, lakini kumbana kwa maneno hayo ya sheria ni vigumu. Kama bei haikuweka fungu la vibali, mkandarasi ataumia peke yake. Wala asitegemee kifungu cha mabadiliko ya sheria: Maelekezo 2023/959 ya Umoja wa Ulaya, yaliyoingiza meli katika mfumo huu, yalipitishwa Mei 2023, na aliyesaini baada ya hapo ataambiwa sheria ilikuwepo tayari, kilichobaki kilikuwa tarehe ya kuanza.

Jambo linalosahaulika zaidi ni bandari. Safari kati ya bandari mbili za Umoja huhesabiwa yote. Kati ya bandari ya Umoja na ya nje, nusu. Kwa meli ya kazi, mahali inaposimama kubadilisha mabaharia ni bandari ya kuhesabiwa. Kusimama kwa ajili ya mafuta tu, mahitaji tu au matengenezo hakuhesabiwi. Kwa hiyo ratiba ya mabaharia inaamua bili. Meli inayotoka Esbjerg, Denmark, kwenda kazini na kurudi Esbjerg kubadilisha watu inalipiwa yote. Ikimalizia Aberdeen, Uingereza, nje ya Umoja, nusu. (Msishangilie mapema: Uingereza nayo imepanga kuingiza safari zake za ndani katika mfumo wake kuanzia Julai 2026.) Mteja akihamisha kituo cha kubadilishia mabaharia katikati ya mradi, mkataba useme tofauti ya gharama ni ya nani.

Halafu kuna muda. Hewa chafu ya 2027 inalipiwa kufikia 30 Septemba 2028, na kufikia hapo kampuni iliyoundwa kwa mradi huo mmoja huenda imeshafungwa. Kwa maoni yangu, kuhesabiana mwisho wa mwaka ni kujitakia hasara. Dai vibali vyenyewe kila mwezi, vihamishiwe kwenye akaunti ya yule anayedaiwa na sheria, katika rejista ya vibali, pamoja na haki ya kusimamisha huduma visipofika. Kifungu cha 2022 cha BIMCO, chama cha kimataifa cha wenye meli kinachoandika mikataba sanifu, cha mikataba ya muda ni mwanzo mzuri, ila kiliandikwa kwa fikra za meli ya mizigo. Ongeza saa za kushikilia meli mahali pamoja na siku ambazo malipo ya kukodi meli yamesimama. Anayeshindwa kuwasilisha vibali hutozwa faini ya euro 100 kwa tani, ikipandishwa kufuata mfumuko wa bei, na deni la vibali linabaki palepale.

Meli za kazi za GT 400 hadi 5,000 zimekuwa zikitoa taarifa tu tangu Januari 2025. Tume ya Ulaya inatakiwa kupitia suala lao kabla ya 2026 kwisha, kwa hiyo mkataba mrefu wa meli ndogo nao uwe na kifungu hicho, hata kama leo hakina cha kutoza.