Mpe ndoo aibebe

Mama mmoja aliniletea mwanawe wa miaka 4 akasema, "Daktari, huyu mtoto ni mzembe. Akipita mlangoni lazima apige bega. Akishika karatasi inachanika. Akimkumbatia mdogo wake, mdogo analia." Mimi si daktari, ni mtaalamu wa tiba kwa vitendo, yaani nasaidia watu kuzimudu shughuli zao za kila siku, ila jina la daktari nimeshalizoea. Nilimjibu kwamba sikuona uzembe. Niliona mtoto ambaye bado hajajua mwili wake unaishia wapi.

Shuleni tulikaririshwa milango mitano ya fahamu. Iko mingine miwili ambayo haikutajwa, na kwa mtoto anayejifunza kuvimudu viungo vyake hiyo ndiyo yenye kazi kubwa. Mmoja umo ndani ya misuli, kano na maungio. Fumba macho, kisha gusa ncha ya pua yako. Kidole kinafika bila kuonyeshwa njia, kwa sababu misuli huupasha ubongo habari kila saa: mkono uko wapi, umejikunja kiasi gani, unavuta kwa nguvu gani. Charles Sherrington, mwanasayansi wa Uingereza, aliuita propriosepsheni mwaka 1906, na sisi wa fani hii tumebaki na jina hilo gumu.

Mwingine umo katika sikio la ndani. Kila sikio lina mifereji 3 iliyopinda kama nusu duara, imejaa majimaji. Kichwa kikigeuka, majimaji hubaki nyuma kidogo, vinyweleo vidogo vinapinda, na ubongo unajua tumeelekea upande gani. Mtoto akizunguka kisha akasimama ghafla, majimaji bado yanaendelea na safari. Hapo ndipo anapopepesuka na kucheka.

Watu wakisikia michezo ya kuamsha milango ya fahamu, hufikiria sinia la mchanga wa rangi na vikombe vidogo vidogo. Hata mimi nilianzia hapo. Siku moja nilitumia muda mrefu kupanga sinia la kupendeza, akaja mtoto wa miaka 3, akalitazama, akalipindua. Kisha akachukua ndoo, akaijaza mchanga uliomwagika, akaiburuta hadi mwisho wa chumba, akairudisha, akaiburuta tena. Nilikaribia kumzuia. Bahati nzuri nilichelewa, maana alichokuwa akifanya kilizidi kile nilichomwandalia.

Mtoto akibeba au akisukuma kitu kizito, misuli hukaza na maungio hubanwa, na habari zinazopanda kwenye ubongo huwa nyingi na za wazi. Kwa hiyo siku hizi huanza na kubeba, kusukuma, kuvuta, kutambaa chini ya meza, kupanda rundo la mito. Sinia la mchanga huja baadaye, likija.

Ndoo ya maji naipenda kuliko zote. Weka maji kiasi ambacho mtoto anaweza kuyabeba bila kupinda mgongo wala kubana pumzi. Akiyumba, yanamwagika, wewe huna haja ya kusema "tembea taratibu", maji yameshasema. Akishaizoea ndoo, mpe jagi, kisha kikombe kilichojaa. Wazazi wengi hugeuza mpangilio huu, wakidhani kitu chepesi ndicho rahisi. Kikombe ni kigumu zaidi, kwa sababu kinadai nguvu ndogo iliyopimwa, na nguvu ndogo ndiyo iliyomshinda yule mtoto wa kuchana karatasi.

Sifongo nayo ina faida yake: kuikamua hulazimu mkono mmoja uzunguke huku na mwingine kule, kama unavyofungua chupa. Udongo wa kufinyanga aukande akiwa amesimama, mikono imenyooka, ili mabega yaingie kazini. Avue viatu pia, nyayo zihisi majani, mchanga na mkeka. Wapo wanaolia wakikanyaga majani, usimlazimishe. Wengi wao mguso mwepesi huwasumbua kuliko kushikwa kwa mkono thabiti, basi aanze kwa kuchota udongo na kijiko, vidole vitafuata akiwa tayari.

Kwenye kuzunguka na kubembea nina ukali kidogo. Kubembea polepole mbele na nyuma huwatuliza wengi. Kuzunguka huchangamsha, wakati mwingine kupita kiasi. Mwendo auamue mtoto mwenyewe. Akipauka, akitoka jasho au akisema tumbo linamsumbua, mchezo umeisha. Kwenye maji usimwache hata dakika moja, maana mtoto mdogo anaweza kuzama katika maji ya sentimita chache tu. Zile shanga zinazovimba zikilowekwa sizitumii kabisa. Zikimezwa zinaweza kuziba utumbo.

Kuanguka je? Utafiti wa Karen Adolph na wenzake uliotoka mwaka 2012 uliwahesabu watoto wa miezi 12 hadi 19 wakicheza kwa hiari yao: kwa wastani hatua 2,368 na kuanguka mara 17 kwa saa. Nawatajia wazazi namba hizo kila wanapokimbilia kumdaka mtoto ambaye hajaanguka bado. Ila mtoto ambaye hajatembea akifika miezi 18, aliyepoteza uwezo aliokuwa nao, au anayetumia mkono mmoja tu kabla hajatimiza mwaka, mpeleke akaangaliwe. Huyo asisubiri ndoo.

Sasa niseme jambo ambalo wenzangu wengine hawalipendi. A. Jean Ayres, mtaalamu wa Marekani aliyeasisi fikra hizi, alitupa njia nzuri ya kumtazama mtoto, lakini mabishano kama tiba iliyojengwa juu ya fikra hizo inasaidia kweli hayajaisha. Mimi nauona mchezo wa aina hii kama kulima shamba kabla ya kupanda. Mtoto akibeba ndoo mwaka mzima hatajua kufunga kifungo. Kifungo hujifunzwa kwa kifungo, mpira kwa mpira, baiskeli kwa baiskeli.

Kwa hiyo yule mama nilimpa kazi mbili. Ya kwanza, ndoo ya kumwagilia mimea kila asubuhi, kabla mtoto hajaanza kugonga milango. Ya pili, shati lenye vifungo vikubwa, likiwa limelazwa mezani kwanza: mama akipitishe kifungo nusu, mtoto amalizie kukivuta. Akiweza hivyo siku kadhaa, mama apitishe robo tu. Kisha anyamaze, akae juu ya mikono yake kama hana budi, asubiri.