Bendi kongwe ikitoa "albamu mpya": upya wake ni upi?

Bendi ya zamani ya roki ngumu au hevi metali ikitangaza albamu mpya, sifa huwa zilezile: ng'ombe hazeeki maini, wazee wamerudi, makali ni yaleyale ya ujana. Huenda ni kweli. Lakini neno "mpya" hubandikwa kwenye vitu vingi visivyofanana, kwa hiyo tuanze na neno lenyewe.

Kwa maana ya kawaida, albamu mpya ni mkusanyiko wa nyimbo ambazo hazijawahi kutolewa, zilizotungwa na bendi yenyewe na kurekodiwa studio. Rekodi ya onyesho la jukwaani haimo. Albamu ya miaka 40 iliyopita iliyosafishwa sauti na kuuzwa kwenye kasha la kifahari haimo pia, hata ikiongezewa nyimbo mbili tatu zilizokuwa zimesahaulika kabatini. Nyimbo za kuazima kwa wasanii wengine nazo huhesabiwa kando. Ndiyo maana Guns N' Roses huhesabiwa miaka 17 ya ukimya, tangu albamu zao mbili za 1991 hadi Chinese Democracy ya Novemba 2008. Walitoa nyingine mwaka 1993, ila nyimbo zake zilikuwa za watu wengine.

Hadi hapo ni rahisi. Sasa mchukue Malcolm Young wa AC/DC, mpiga gita aliyeianzisha bendi hiyo pamoja na mdogo wake Angus mwaka 1973. Alifariki Novemba 2017. Miaka mitatu baadaye ikatoka Power Up, na jina lake limo kwenye orodha ya watunzi wa kila wimbo. Angus alikuwa amerudi kwenye akiba ya rifu, vile vipande vifupi vya gita vinavyorudiwarudiwa na kuubeba wimbo mzima, alizotunga na kaka yake miaka ya nyuma. Sehemu ya Malcolm ilipigwa na Stevie Young, mtoto wa kaka yao mwingine. Je, albamu hiyo ni mpya? Mimi nasema ndiyo, maana rifu iliyolala kwenye kanda haijawa wimbo bado. Anayebisha simlaumu.

Jina la bendi nalo ni mtego. Mwaka 2009 wanamuziki Tony Iommi, Geezer Butler, Ronnie James Dio na Vinny Appice walitoa albamu kwa jina la bendi la Heaven & Hell. Ni walewale wanne waliorekodi albamu ya Black Sabbath ya 1992, ila safari hii jina la Black Sabbath halikuwa kwenye jalada. Kisha Juni 2013 likarudi, juu ya albamu iitwayo 13, ya kwanza kwa Ozzy Osbourne, mwimbaji wao wa mwanzo, kurekodi studio na bendi hiyo tangu 1978. Ngoma hazikupigwa na Bill Ward, mwanzilishi mwenzao, bali na Brad Wilk. Prodyuza Rick Rubin aliwataka waisikilize tena albamu yao ya kwanza ya 1970 na kuifuata njia ile. Hii ndiyo huitwa kurejea kwenye asili, na kwangu ina kasoro yake: baadhi ya nyimbo zinasikika kama bendi inayojiiga. Sokoni haikudhuru kitu, kwani 13 ilishika namba moja Marekani, jambo ambalo Black Sabbath hawakuwahi kulipata hata enzi za ujana wao.

Judas Priest naona walifanya vizuri zaidi. Invincible Shield ilipotoka Machi 2024, mwimbaji Rob Halford alikuwa na miaka 72. Mpiga gita Glenn Tipton alishatangaza mwaka 2018 kwamba ana Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka mwili, na jukwaani nafasi yake huzibwa na Andy Sneap, ambaye ndiye prodyuza wa albamu hiyo. Bado Tipton yumo kati ya watunzi. Hapo ukongwe haufichwi wala haugeuzwi maonyesho, umegawiwa kazi.

Kwa nini wajisumbue, ilhali watu wanaokuja uwanjani wanataka vibao vya zamani? Sababu moja ni ya kibiashara: albamu huipa ziara jina na kisingizio cha kuanza. Nyingine ni ubishi tu wa mtu asiyetaka kuitwa mstaafu.

Lebo ya "albamu ya mwisho" iogope zaidi kuliko "mpya". Scorpions walitangaza kuaga mwaka 2010, na mwaka 2022 wakatoa Rock Believer. Motörhead walitoa Bad Magic Agosti 2015 bila kuaga yeyote. Lemmy, mwimbaji na kiongozi wao, alifariki tarehe 28 Desemba mwaka huohuo, siku nne baada ya kutimiza miaka 70.