Homoni ya ukuaji na IGF-1 katika seli za ini zilizooteshwa maabara

Homoni ya ukuaji hutoka kwenye tezi ya pituitari, lakini sehemu kubwa ya kazi yake hufanywa na IGF-1, kichochezi cha ukuaji ambacho kwenye damu hutoka hasa kwenye ini. Mwaka 1957 Salmon na Daughaday walionyesha kwamba homoni hiyo ikiwekwa moja kwa moja kwenye gegedu la panya haifanyi mengi. Seramu (maji ya damu yaliyoondolewa chembe) ya panya aliyedungwa homoni ndiyo iliyoliamsha.

Seli ya ini haiweki akiba ya IGF-1 inayosubiri kumwagwa. Homoni ikishika kipokezi chake, kimeng'enya JAK2 huamka, kisha protini STAT5b huingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni ya IGF-1. Ndiyo maana ukiwapa seli za ini homoni maabara, kisha ukapima IGF-1 kwenye kioevu cha lishe kinachozizunguka baada ya nusu saa, hupati kitu. Subiri saa 24.

Seli zilizotolewa kwenye ini la panya huachwa usiku mmoja zishike sahani iliyopakwa kolajeni. Baada ya hapo ziondolee seramu na uzioshe, maana seramu ya ndama ina IGF-1 yake na itakudanganya. Weka homoni kwa ngazi, mathalani nanogramu 0, 1, 10, 100 na 500 kwa mililita, vishimo vitatu vya sahani kwa kila ngazi. Kiasi cha insulini kiwe kilekile kotekote, kwa sababu nayo hupandisha IGF-1. Mwishowe gawanya kiasi cha IGF-1 kilichopimwa kwa DNA ya kila kishimo, la sivyo kishimo chenye seli nyingi kitaonekana kimeitikia vizuri zaidi.

Kinachoharibu vipimo vingi ni protini zinazoifunga IGF-1. Seli zilezile za ini hutoa mojawapo, IGFBP-1, na kipimo cha kingamwili huweza kuikosa IGF-1 iliyofungwa. Itenganishe kwanza na protini hizo kwa asidi na ethanoli. Seli za HepG2, zinazotokana na saratani ya ini la binadamu na ambazo wengi huzikimbilia kwa urahisi wake, zina vipokezi vichache vya homoni hii. Zikinyamaza, usiilaumu homoni. Hata seli halisi za ini hupoteza mwitikio kadiri siku zinavyopita kwenye sahani.

Dozi ikizidi mno, mwitikio hushuka: molekuli moja ya homoni hushikwa na vipokezi viwili kwa pamoja, na homoni ikijaa kupita kiasi kila kipokezi hujipatia yake na jozi hazikamiliki.