Jaji wa Kwanza Usiwe Wewe: Dhana Potofu Kuhusu Mashindano ya Uandishi

Kwa miaka mitatu nilikuwa na hadithi fupi moja kwenye daftari lenye jalada jeusi. Kila tangazo la shindano lilipotoka niliitoa, nikaisoma, nikagusagusa sentensi mbili tatu, halafu nikaiacha tarehe ya mwisho ipite. Nilijiambia bado haijaiva. Siku niliyoituma ilikuwa imebaki chini ya saa moja muda ufungwe, na aya ya kwanza ilikuwa ileile niliyoiandika usiku wa kwanza. Haikushinda. Kukosa tuzo hakukuniumiza sana. Kilichoniuma ni ile miaka mitatu, kwa kuwa haikuiongezea hadithi chochote.

Baadaye niliombwa niwe mmoja wa wasomaji wa mchujo wa kwanza katika shindano dogo la waandishi chipukizi. Nilipokaa upande ule wa meza ndipo nilipoona jinsi mambo mengi niliyokuwa nikiyaamini yasivyo na msingi. Nimeyasikia tena na tena kutoka kwa watu wanaoandika vizuri kuliko wanavyojua, na inanisikitisha kila ninaposikia.

"Mwenye kipaji hana shaka. Mimi nina shaka, basi sina kipaji."

Hapa ndipo penye mzizi wa hofu nyingine zote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Mwaka 1978 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, walichapisha makala iliyotokana na kazi yao na wanawake zaidi ya 150 waliofanikiwa sana katika masomo na kazi. Walikuwa na shahada, na wenzao waliwaheshimu. Bado wengi wao waliamini kwamba wamefika pale kwa bahati, au kwa kuwahadaa watu, na kwamba siku moja watabainika. Vyeti vilikuwa mkononi na hofu haikusogea. Kwa hiyo shaka si kipimo cha uwezo. Tena, anayetumaini kwamba akishinda mara moja itamwisha, huenda akashinda na kuikuta bado ipo.

Kwa waandishi kuna sababu nyingine iliyo wazi zaidi. Umesoma kwa miaka mingi kabla ya kuanza kuandika, hivyo jicho lako limeutangulia mkono wako kwa mbali. Unaona kasoro ambazo bado hujui kuzirekebisha. Halafu unaiweka rasimu yako ya kwanza kando ya kitabu cha mtu kilichoandikwa upya mara nyingi, kikapita kwa mhariri, kikapita kwa msoma prufu, ndipo unajiuliza kwa nini vyako havifanani na vyake. Si ulinganisho wa haki.

Kilichonisaidia mimi ni kuibana shaka iseme inalalamikia mstari upi. "Siwezi kuandika" ni sentensi isiyorekebishika. "Mwanzo wangu umechelewa kufika kwenye jambo" inarekebishika leo hii. Tazama mwanzo huu, wa aina niliyokuwa nikiiandika:

*Asubuhi hiyo jua lilikuwa limechomoza na ndege walikuwa wakiimba juu ya miti. Rehema aliamka akiwa na huzuni kubwa moyoni mwake kwa sababu ilikuwa ndiyo siku ya kuondoka.*

Jua na ndege hawana kazi hapa, na huzuni imetangazwa kabla msomaji hajaiona. Nikauandika upya:

*Rehema alilikalia sanduku ili zipu ifunge. Picha ya mama yake ikabaki nje.*

Safari ipo, huzuni ipo, na hakuna aliyeitaja. Kazi hiyo ilichukua dakika kumi. Katika dakika hizo sikujiuliza hata mara moja kama mimi ni mwandishi, maana nilikuwa na shughuli.

"Majaji wanataka Kiswahili kizito."

Dhana hii imeharibu hadithi nyingi nzuri. Mtu anayesimulia vizuri akiwa amekaa na wenzake, akishika kalamu anaanza kuchimbua kamusi. Anapachika methali kila aya. Mtoto wa miaka tisa kwenye hadithi anazungumza kama mhubiri: "Ewe mama yangu mpendwa, kwa hakika moyo wangu umejawa na simanzi." Nimesoma miswada ya namna hiyo mmoja baada ya mwingine, na ukweli ni kwamba inachosha. Inapotokea katikati yake hadithi ambamo mtoto anasema tu "Mama, leo hurudi tena?", msomaji anakaa sawa kwenye kiti. Lugha sanifu, ndiyo. Tahajia safi, ndiyo. Lakini neno gumu lisilo na kazi huonekana mara moja, na humshusha aliyeliweka.

Kuna na dhana pacha yake, kwamba mashindano ya maana ni ya Kiingereza tu. Tuzo ya Mabati-Cornell ilianzishwa mwaka 2014 mahsusi kwa fasihi ya Kiswahili, na ilipokea hata miswada ambayo haijachapishwa. Tuzo ya hadithi fupi ya Jumuiya ya Madola, inayotaka hadithi ya maneno 2,000 hadi 5,000 na haitozi ada, nayo hupokea hadithi zilizoandikwa kwa Kiswahili.

"Washindi wanajulikana mapema."

Yapo mashindano yasiyo safi, siwezi kukataa. Ila mengi husomwa bila majina. Jina lako linabaki kwenye fomu ya kushiriki, na mswada unapewa namba. Mimi nilikabidhiwa rundo la namba. Sikujua nani ni mwanamke, nani ana shahada, nani hajawahi kuchapisha hata shairi. Ndiyo maana masharti husisitiza usiandike jina kwenye mswada. Wengine huliandika juu ya kila ukurasa kwa kujitambulisha, na kwa kosa hilo peke yake wanaenguliwa. Kabla ya kutuma, liangalie na jina la faili lenyewe.

Ukitaka kujua kama shindano ni la kweli, angalia kama majaji wametajwa, kama washindi wa awamu zilizopita wanaonekana na kazi zao zinasomeka, na kama masharti yanasema wazi nini kitafanyika kwa hadithi yako. Ada ndogo si dalili ya utapeli, kwani yapo mashindano ya heshima yanayotoza. Dalili mbaya ni pale kila mshiriki anapopewa taarifa kwamba "amechaguliwa", kisha anatakiwa kununua kitabu ili aone jina lake.

"Wataniibia wazo langu."

Wazo halina mwenyewe. Ndugu wawili wanaogombea urithi ni hadithi ya kila mtu. Ila sentensi ulizoziandika ni zako, na chini ya Mkataba wa Berne wa 1886, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, nchi wanachama huilinda kazi tangu inapoandikwa, bila kuisajili popote. Cha kuogopa zaidi ni kipengele cha haki ndani ya masharti. Ruhusa ya kuchapisha hadithi yako katika kitabu cha washindi ni jambo la kawaida. Kukabidhi haki zote, moja kwa moja, hata kwa wasioshinda, hapo mimi natoka.

"Mashindano ni mchezo, waandishi wa kweli hawatoki huko."

Muhammed Said Abdulla alikuwa mwandishi wa habari Zanzibar. Hadithi yake ya upelelezi, *Mzimu wa Watu wa Kale*, ilipata nafasi ya kwanza katika shindano la uandishi wa hadithi za Kiswahili la 1957–58 lililoendeshwa na East African Literature Bureau, ikachapishwa mwaka 1960. Bwana Msa, mpelelezi wa hadithi hiyo, ambaye vizazi vya wasomaji wa Kiswahili wamemfuata kutoka kitabu hadi kitabu, aliingia duniani kupitia mlango huo.

"Nikikosa, basi hadithi ni mbaya."

Piga hesabu. Zikiletwa hadithi 300 na tuzo zikawa tatu, 297 zitarudi bila kitu hata kama mia kati yake ni nzuri. Kwenye rundo langu, miswada mingi iliyotoka mapema haikutoka kwa ubaya wa hadithi. Shindano lilitaka maneno 3,000, mtu akaleta 4,600. Mada ilikuwa safari, hadithi ikawa nzuri lakini haina safari. Nyingine ilikuwa imeshawekwa hadharani kwenye ukurasa wa mtandao wa kijamii, na masharti yalidai kazi isiyochapishwa popote. Wengi hawajui kwamba kuiweka pale, kwa waandaaji wengi, ni sawa na kuichapisha. Kisha kulikuwa na hadithi mbili zilizofanana mno, ikabidi tubakize moja. Ile nyingine bado naikumbuka vizuri.

Aliyeiandika hakupata maelezo yoyote, maana mashindano mengi hayatoi maoni kwa kila mshiriki. Naamini alidhani hatukuipenda.

Ukikosa, iache hadithi wiki mbili, uisome kwa sauti, uitume kwingine. Kama unataka kuipeleka sehemu mbili kwa pamoja, soma masharti kwanza. Baadhi huruhusu mradi uwaarifu ikipokelewa kwingine, wengine hawaruhusu kabisa.

"Nitatuma nikiwa tayari."

Kati ya miswada niliyosoma kuna mmoja uliokuwa na mstari wa ziada juu kabisa, kabla ya kichwa cha hadithi: *Samahani kwa makosa, mimi si mwandishi, nimejaribu tu.* Nilisimama pale kwa muda. Mtu huyu alikuwa amejihukumu kabla sisi hatujafungua ukurasa, na hata hivyo alituma. Hadithi yenyewe ilihusu mzee anayejifunza kusoma ili ajue barua za marehemu mkewe zinasema nini. Ilikuwa na makosa, ndiyo. Koma zilikuwa chache, na katikati pamelegea. Lakini mzee alipoifikia barua ya kwanza na kusoma neno moja tu, jina lake mwenyewe, akaikunja kwa siku hiyo, niliiweka karatasi chini.

Nilitamani kumwandikia mtu huyo usiku uleule. Sikuwa na jina lake wala anwani, nilikuwa na namba 41 tu. Nikaiandika kwenye orodha ya wanaoendelea raundi ya pili, juu kabisa, nikachukua mswada uliofuata.